Usishike Sikio, Sidi

Baba yako hawezi kusoma, Sidi. Ameniambia leo alfajiri, mikono yangu ikiwa ndani ya unga, na tangu hapo sijatulia. Si kwamba hakupelekwa shule. Alisoma hadi kidato cha pili, lakini herufi humfanyia yale yale zinayokufanyia wewe. Hicho ulicho nacho hukukiokota njiani, mwanangu. Umekitoa kwake.

Sasa salamu. Hujambo, mama? Mimi sijambo kidogo. Mahamri yameisha yote kabla jua halijashika, hilo nalo ulijue, hata siku ya hofu mahamri ya mamako hayalali. Nakuandikia ukiwa bado Mjambere kwa shangazi yako Jumwa, unaaga. Kesho asubuhi basi linakuchukua, na mdomo wangu naujua, pale kituoni utafunguka kulia tu, hautasema la maana. Mambo ya sabuni na blanketi hutayakuta humu. Tumeyasema hadi sanduku lenyewe limeyachoka.

Ningekurekodia kwa simu kama tulivyozoea, ila simu husikika na chumba kizima, na haya ni yako peke yako. Kwa hivyo nimeandika herufi kubwa, nimeruka mstari, na kila karatasi nimeandika upande mmoja. Weka kile kipande chako cha kadi ya harusi chini ya mstari, soma hadi unapofika, kisha pumzika. Barua haikimbii. Na mwandiko wenyewe si unauona? Darasa la nane tu, na hakuna karani Mtopanga nzima anayenishinda.

Naogopa, Sidi. Nianze na hilo ili lisije likajificha katikati ya maneno.

Jana tukila nilikuuliza huko chuoni utamwambia nani kwanza habari za kusoma kwako. Ukacheka. Ukashika ncha ya sikio, ukaivuta kidogo, ukasema, "Mama, Eldoret hakuna anayenijua. Simwambii mtu. Mara hii nataka niwe kama wenzangu." Nami nikasema haya, kwa sababu ulisema ukitabasamu, na tabasamu lako hunipumbaza tangu ukiwa huna meno. Baba yako akasukuma sahani. Samaki wa kupaka, nimempaka mimi kwa nazi ya kukuna kwa mkono, anasukumwa. Akatoka akakaa barazani. Nikadhani ni uchungu wa kukuona unaondoka. Miaka yote hii mimi nadhani tu, na kila ninapodhani, nakosea.

Nikupeleke nyuma kidogo, kwenye jambo ambalo hatujawahi kulizungumza tukatazamana machoni.

Kwetu mtoto wa kike wa kwanza huchukua jina la mama wa babake. Unajua. Mimi nikajitia ujuaji. Nilikuwa msichana wa kupendeza, nimeolewa na kijana wa yadi ya mizigo aliyekuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, nikaona hakuna wa kunipangia. Nikakuita Sidi, jina la mamangu. Shangazi Jumwa alisema, tena mbele ya watu, kwamba mamake marehemu Mbeyu ameporwa haki yake, na mwenye kuporwa huja kudai. Nikamcheka. Nikamwambia marehemu wa Kikristo hawadai.

Ulipofika darasa la pili wenzako wakawa wanasoma kitabu, na wewe unaitazama karatasi kama mtu anayetazama siafu wakihama. Nilikwambia usome hapa, ukasoma pale. Neno ulilolijua juu ya ukurasa hulijui tena chini yake. Usiku ulikuwa unalia kwa ajili ya kesho. Nikaogopa, na mtu mwenye hofu hushika chochote kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni Shangazi Jumwa. Akasema, "Si niliwaambia? Mamangu ndiye aliyemfunga macho. Mrudishieni jina lake, mtoto afunguke."

Nami, mwimba kwaya wa mstari wa mbele, nikakubali.

Tulikunyoa, tukakupikia uji wa mtama, shangazi yako akakunyunyizia maji usoni akakuita Mbeyu mara nyingi, na watu wakaitikia. Ulifurahi kwa sababu kulikuwa na wali. Baba yako alikaa pembeni, na nakumbuka alivyokuwa akikazia macho mkeka. Kwenye mkeka ule ndipo mlipokuwa mkicheza, wewe na yeye, mwaka mzima. Mlikuwa mkimumunya ubuyu kisha mnazipanga zile mbegu, mnaandika Sidi, mnapangua, mnaandika tena. Ulikuwa ndiyo kwanza umeliweza jina lako. Lilikuwa neno la pekee duniani ulilokuwa na hakika nalo. Na sisi wazazi wako, kwa mapenzi makubwa, tukalichukua.

Jumatatu tukakwambia uandike Mbeyu juu ya daftari, na mimi mwenyewe nikakushika mkono tukaandika. Mwalimu akaliona daftari, akatazama orodha yake ya majina, hakuna Mbeyu darasani. Akakuuliza umeliiba kwa nani. Ulisimamishwa hadi mchana. Ulipofika nyumbani hukulia. Uliniuliza tu, "Mama, kwani mimi leo ni nani?"

Unajua nilikujibu nini? Natumaini umesahau. Nilisema, "Ukisoma kwa bidii utajua."

Nimeliandika hapa kwa mkono wangu, basi na lisomeke. Nilikuwa na mtoto wa miaka saba anayeniuliza jambo la kweli kabisa, nikamrushia neno la kumchoma. Baadaye tulirudi kwa Sidi polepole, kwa aibu, bila uji wala wageni. Shuleni Sidi, kwa shangazi Mbeyu, na baba yako akakwepa yote mawili, akakuita Mayo, yaani mama, kama alivyokuwa akimwita mamake. Nikaona ni heshima hiyo. Tena nilijisifu kwa majirani, mnaona mume wangu anavyompenda binti yake.

La pili ni langu peke yangu, shangazi yako hayumo. Ni lile la kadi. Mtu akileta kadi ya harusi au ya mchango, mimi naichukua jikoni, nakusomea mara tatu nne, wewe unaikariri, kisha nakuita sebuleni, nawe unaitika abee unakuja. Nasema, "Hebu wasomee wageni." Unaishika kadi, unasoma yote, bwana na bibi fulani wana furaha kukualika, hadi chakula kitaandaliwa wapi. Wageni wanapiga makofi. Jirani yetu Mama Riziki aliwahi kusema mwanawe mkubwa kwako hasogei. Nikavimba mimi, nikavimba, mlango ukawa mwembamba.

Nilikuwa nikikufundisha nini pale? Nilikufundisha kwamba mama anafurahi ukidanganya vizuri. Nilikufundisha kukaa mbele ya maandishi usiyoyajua, ucheke, ushike sikio, useme umeelewa. Ulikuwa mwanafunzi hodari kuliko nilivyotaka. Ndiyo maana jana, uliposema hutamwambia mtu, hukuwa umekosa adabu wala akili. Ulikuwa unanisomea kadi.

Kisha akaja Mwalimu Nafula. Mungu ampe maisha marefu yule mwanamke wa bara, na Kiswahili chake kile cha kuruka mabonde. Ulikuwa kidato cha pili alipouliza nani anayekupikia majibu, maana ukiulizwa kwa mdomo unajua kila kitu, na ukipewa karatasi hujui hata ulichokisema mwenyewe. Akaniita. Nikaenda nimevaa leso mpya, tayari kugombana. Akaniambia, "Mama Sidi, huyu si mvivu, na si mjinga. Macho yake yako sawa na akili yake ni kali. Ni ubongo wake tu unavyozipokea herufi na sauti zake, kwa njia nyingine. Inaitwa disleksia."

Nikamuuliza kama ni ya kurogwa. Alicheka hadi akaniomba radhi. Akasema mtu huzaliwa nayo, haiponi kama malaria inavyopona, lakini mtu akifundishwa kwa njia yake husoma, na akipewa muda hufika. Akasema mara nyingi hupita katika familia, je, kwenu kuna mtu? Nikajibu upesi kama niliyetukanwa. Kwangu hakuna, mimi nilikuwa nashika namba moja. Na kwa babake hakuna, babake ni nyapara wa watu huko Changamwe.

Ona nilivyojibu. Ningetulia nusu dakika nimfikirie mume wangu, mwanamume anayerudi kila jioni akisema vumbi la yadi limemuumiza macho, nisomee hili, nisomee lile. Nilimsomea mimi, magazeti, ujumbe wa simu, kila karatasi iliyoingia humu ndani. Nilipenda. Nilijiona msomi wa nyumba. Wala sikujiuliza ni vumbi gani hilo linaloziba maandishi tu, lakini kumbikumbi akiruka hapo nje anamwona.

Mwalimu alisema uandike herufi kwenye mchanga kwa kidole, huku unatamka sauti yake, ili mkono na sikio vilisaidie jicho. Mimi ndiye niliyesema, mchanga wa nini na unga upo. Hilo ni langu, usiruhusu mtu aniibie. Alfajiri kabla sijakanda, natandaza unga kwenye ubao, wewe unachora, unatamka, unafuta. Maneno marefu tunayakata vipande kama donge, kila kipande peke yake, kisha tunaunganisha. Kiingereza kilitutesa, maana kile kinaandikwa kwa namna na kusemwa kwa namna nyingine, lakini tulikikata nacho. Siku uliyosoma ukurasa mzima kwa sauti, taratibu, jasho linakutoka kama mtu aliyebeba saruji, nilitoka nje nikawaambia wateja leo chai ni bure. Walikunywa kweli, watu wasio na haya.

Baba yako wakati ule akaanza kuamka mapema, ati anasubiri chai. Anakaa kwenye kiti cha kona, kimya, anatazama kidole chako. Asubuhi moja nilikuta herufi kwenye pembe ya ubao, pana, imekandamizwa kwa kidole kinene. Nikakusifu. Ukasema si yako. Nikakuambia usijishushe.

Basi leo alfajiri. Nimeweka unga, namimina tui, nikamwona amesimama mlangoni bila hata kuvaa shati. Akaja kwenye ubao. Akauandika unga wangu kwa kidole, polepole, herufi moja, akavuta pumzi, herufi nyingine. Sidi. Akasema, "Hili ndilo naliweza bila kuogopa. Nililijifunza na yeye kwenye mkeka. Mlipombadilisha jina mtoto, mlinibadilishia na mimi. Lile jingine sikuliweza."

Nikamuuliza mbona hakukataa siku ile. Akasema angekataa, dada yake angeuliza sababu, na sababu ndiyo hiyo.

Nikataka kucheka, nikataka kulia, nikamwambia kaa. Nikamuuliza kwa nini leo, baada ya miaka yote. Akasema, "Jana Mayo alishika sikio." Akashika lake akanionyesha. Haki ya Mungu, Sidi, nimeishi na sikio lile tangu nimeolewa. Akivuta ncha yake nikaona ni mazoea tu, kama wengine wanavyokuna kichwa. Kumbe mnafanana hata mnavyojificha.

Sasa linakuja lile lililoniondoa usingizi wa mchana, na ambalo ameniomba nikuandikie kwa sababu yeye mdomo umekataa.

Unamjua Mzee Charo, yule wa madafu pale njia panda, mwenye mguu uliofupika. Unajua kila tukipika pilau sahani ya kwanza ni yake, na baba yako huipeleka mwenyewe, hatumi mtu. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo pia. Charo alikuwa mpakizi chini ya baba yako kwenye ghala moja huko Changamwe, wewe ukiwa mdogo. Hakusoma hata siku moja, na hakuona haya kusema. Kila karatasi alimpelekea baba yako, maana baba yako ndiye msomi wao.

Asubuhi moja kwenye ngazi ya chuma ya ghala palikuwa pametundikwa kibao kipya, cha Kiingereza. Charo akauliza, "Nyapara, hapa pameandikwa nini?" Watu walikuwa wamesimama wanangoja kazi ianze. Baba yako akakitazama kibao. Zile herufi zikaanza safari zao. Akashika sikio, akacheka, akasema, "Mambo ya usafi tu."

Charo akapanda. Kidaraja cha juu kilikuwa kimeoza kwa kutu.

Sitakuandikia alivyoanguka. Baba yako alinieleza, na nimekoma kukanda nikakaa chini na unga wangu. Watu walisema Charo alikuwa na haraka. Charo mwenyewe hakusema neno hospitalini wala baadaye. Na baba yako akabeba yale maneno manne kutoka siku ile hadi leo, akila nayo, akilala nayo, mimi ubavuni mwake nikimsomea magazeti.

Unaelewa sasa hofu yangu? Siogopi kwamba watakucheka. Waliokucheka hapa wamekuja baadaye kukuletea feni zao. Mikono yako naijua. Pasi ya Mama Riziki iliyotupwa uliifufua, redio ya kanisa uliifungua ukaifunga bila kuulizwa parafujo hii ni ya wapi. Nimewaambia watu kutoka hapa hadi Mjambere kwamba binti yangu anaenda kuwa fundi wa umeme na akirudi stima haitapotea tena, na sijisifu, nasema kweli.

Naogopa umeme, mama. Umeme haukuulizi mara ya pili. Naogopa siku moja utasimama mbele ya kisanduku cha nyaya, kuna kibao kimebandikwa, mwalimu ameshaondoka, wenzako wanakutazama, na mmoja anakuuliza hapa pameandikwa nini. Namuona kabisa huyo anayekuuliza. Nimempa hata uso. Na mkono wako nauona ukipanda taratibu kuelekea sikioni.

Nimeomba leo kutwa, na kila nikifumba macho naona ule mkono. Nilitaka hata kukuzuia usiende. Nilifika mlangoni kwako asubuhi kukwambia, nikakukuta unakunja nguo unaimba, nikajifanya nimekuja kuuliza kama umekunywa chai.

Sitakuzuia. Lakini jambo moja nakuomba, na sikuombi kama mkubwa, nakuomba kama mtu mwenye hofu. Siku ya kwanza, kabla hujajua hata choo kiko wapi, mtafute mwalimu wa karakana. Mwambie, "Mwalimu, mimi nina disleksia. Kusoma kunanichukua muda. Ukinionyesha na kunieleza nitashika, na palipoandikwa hatari naomba nisomewe kwanza." Ni hayo tu. Yaseme peke yako mara nyingi, uyakariri kama tulivyokuwa tukikariri zile kadi, tofauti ni kwamba mara hii unakariri ukweli. Akikukunjia uso, mtafute mwingine. Akisema pole, mwambie si ugonjwa. Na kila utakapoona mkono unapanda sikioni, wewe mwenyewe ushushe, useme sijaelewa. Sijaelewa ni neno dogo. Halijawahi kumwangusha mtu kutoka kwenye ngazi.

Usidhani nakuambia kwa sababu mimi najua. Mimi sikujua mume wangu. Nakuambia kwa sababu nimeona leo uso wa mtu aliyenyamaza miaka mingi, na sitaki uso ule uje ukae juu ya shingo yako.

Nimeacha kalamu kwa muda, sasa narudi. Baba yako aliondoka hapa alasiri bila kuaga. Akasema tu anaenda njia panda, kwa Charo. Nikajua. Nikataka kumfuata, nikajikaza. Kutoka wakati ule nimechoma maandazi sufuria nzima, mimi, tangu lini mimi nachoma? Nilikuwa nasikiliza lango. Niliwaza Charo atapiga kelele, watu watajaa, kesho Mtopanga nzima itajua, na mimi niliyejisifia nyumba hii nitaficha wapi uso. Naam, hata leo nilifikiria uso wangu. Majivuno hayaondoki siku moja.

Amerudi sasa hivi. Amekaa hapa kwenye kiti cha kona. Kisha akanieleza. Alimwambia Charo yote wamesimama pale pale penye madafu, na wateja wakipita. Charo alichagua dafu, akalikata, akampa. Baba yako akanywa kwa sababu hakujua la kufanya. Charo akamuuliza, "Mtoto anaondoka lini?" Akaambiwa kesho. Charo akafuta panga lake, akasema, "Basi mwambie awe anauliza. Hata kama ni mambo ya usafi tu, aulize."

Hakusema amesamehe, na baba yako hakuthubutu kuomba. Yale maneno Charo alikuwa nayo muda wote, Sidi. Walikuwa wakiyabeba wawili, kila mtu upande wake, na sahani ya pilau inapita katikati.

Nasikia umeshafika lango la Mama Riziki, mnacheka. Nimalize kabla hujaingia, hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku, uikute huko.

Wazazi wanakaribishwa chuoni baada ya mwezi mmoja. Tunakuja sote. Mimi nitakuja na mahamri, shangazi yako Jumwa anakuja na ameahidi kukuita Sidi, atajitahidi. Mzee Charo alimwambia baba yako wakiagana kwamba atakuja pia ikiwa basi lina nafasi ya kunyoosha mguu. Na baba yako ameweka sharti. Juu ya lango bila shaka pameandikwa jina la chuo. Amesema atasimama pale chini alisome mwenyewe, kwa sauti, na mtu asimsaidie. Mimi nimeapa kufunga mdomo, na unajua kiapo hicho kwangu ni kikubwa kuliko cha ndoa. Itachukua muda. Jua litakuwa kali, watu watapita, wengine watageuka kutazama. Wewe uwe ndani ya lango, umeshamwambia mwalimu wako, umngoje baba yako amalize ndipo uje umpokee.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi.